Sokwe wa Rubondo na nasaba waliyokuja nayo

Mtu wa Kahama au Shinyanga akitajiwa Geita huwaza dhahabu, wala si wa kulaumiwa. Lakini mkoa huo, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera, una kisiwa ndani ya Ziwa Victoria ambamo wanaishi sokwe waliofikishwa hapo kutoka Ulaya.

Kisiwa ni Rubondo, takriban kilomita za mraba 240, sehemu kubwa msitu. Mwaka 1965 kilifanywa pori la akiba, na wavuvi na wakulima waliokuwamo wakahamishwa. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambaye Watanzania walimfahamu kwa kazi yake Serengeti, alikiona kuwa kimbilio la wanyama: maji yangewazuia majangili. (Hayakuwazuia. Faru walioletwa humo waliuawa.)

Kati ya 1966 na 1969 wakashushwa sokwe mtu 17, kwa mafungu manne. Wengi walikuwa wamekamatwa wangali wachanga katika misitu ya Afrika Magharibi, wakaishia kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Wapo waliokaa kifungoni miaka. Hawakufundishwa lolote, walifunguliwa tu wakaingia msituni. Madume wawili waliovamia watu walipigwa risasi. Waliosalia wakayajua matunda ya kula, wakajenga viota, wakazaa. Mwaka 1977 Rubondo ikawa hifadhi ya taifa, na leo sokwe hao wamezidi mara mbili ya walioletwa. Kwa wanyama waliotoka kwenye vizimba, hilo si jambo dogo.

Suala la nasaba halikuwasumbua waliowaleta sokwe hao. Ni baadaye, hasa miaka ya 1990, watafiti walipoanza kupata vinasaba kutoka kwenye nywele zilizobaki viotani na kwenye kinyesi, bila kumgusa mnyama, ndipo mipaka kati ya makundi ya sokwe ilipoonekana vizuri. Wanasayansi sasa wanatambua makundi manne ya sokwe mtu: la Magharibi, la Nigeria na Kameruni, la Kati na la Mashariki. Lile la Nigeria na Kameruni lilipendekezwa mwaka 1997, kwa ushahidi wa vinasaba. Sokwe wa asili wa Tanzania, wa hifadhi za Gombe na Mahale, ni wa Mashariki. Wao na wenzao wa Magharibi walitengana mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, na kila upande ukaendelea kubadilika peke yake.

Kwa hiyo Rubondo ina mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, ukoo mzima umetokana na wazazi wachache, na ziwa haliruhusu mgeni kuingia. Ndugu wakizaana vizazi hata vizazi, kasoro iliyojificha kwa baba na mama huja kujitokeza kwa mtoto. Hilo linaweza kufuatiliwa kwa kupima vinasaba vya kinyesi, na inafaa lifuatiliwe.

La pili ni kishawishi. Gombe ina sokwe wachache, wamebanwa na mashamba na makazi, na mtu mwenye nia njema anaweza kusema: si tuwachukue wa Rubondo tukaongeze? Hapana. Wa Rubondo wengi asili yao ni Afrika Magharibi, na kufanya hivyo kungevuruga nasaba ya sokwe wetu wa asili. Gombe inahitaji misitu ya vijiji jirani irudi, ili sokwe wa Mashariki wapate njia ya kukutana. Wa Rubondo walindwe, watembelewe, na wabaki Rubondo.