Mgeni nchini Mexico na msururu wa hati usiokatika

KATIKA nchi ya Mexico, bili ya umeme ni hati yenye heshima kubwa. Mtu anayetaka kufungua akaunti ya benki, kumwandikisha mtoto shuleni au kusajiliwa kama mlipa kodi huombwa karatasi ya kuthibitisha anakoishi, na inayokubalika upesi zaidi ni bili ya shirika la umeme la serikali, CFE, mradi isiwe na umri wa zaidi ya miezi mitatu.

Mara nyingi bili hiyo huwa na jina la mwenye nyumba, wala si la mpangaji. Ofisi nyingi hazijali jambo hilo. Zinachotaka kujua ni mahali mtu anapolala, si nani anayelipia taa. Hata hivyo, zipo zinazojali, na mgeni hawezi kujua ni zipi mpaka afike dirishani baada ya kupiga foleni asubuhi nzima.

Sheria za Mexico kuhusu wageni si kali. Zikilinganishwa na za mataifa mengi, ni za ukarimu. Kinachomlemea mgeni ni jinsi kila hati inavyodai nyingine iliyoitangulia, na jinsi uzito wa msururu huo unavyotegemea mfuko wa mtu, pasipoti yake na hata rangi ya ngozi yake.

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu takriban watu milioni 1.2 waliozaliwa nje ya nchi hiyo, ambao hawakufikia asilimia moja ya wakazi wote. Karibu thuluthi mbili yao walizaliwa Marekani, wengi wakiwa watoto wa Wamexico waliorejea nyumbani. Wamo pia wastaafu wa Kimarekani na Kikanada walioweka makao kando ya Ziwa Chapala katika jimbo la Jalisco na katika mji wa San Miguel de Allende, wafanyakazi wa makampuni, wanafunzi, na wakimbizi kutoka Amerika ya Kati, Haiti, Venezuela na Afrika.

Kwa miongo mingi, wageni waliishi kwa vibali vilivyojulikana kama FM2 na FM3. Sheria ya Uhamiaji iliyotangazwa Mei 2011, ambayo kanuni zake zilianza kutumika Novemba 2012, iliviondoa vibali hivyo, ingawa wakazi wa kale wangali wanavitaja kana kwamba vipo. Siku hizi kuna mgeni wa muda mfupi asiyezidi siku 180, mkazi wa muda anayeweza kuishi humo hadi miaka minne, na mkazi wa kudumu.

Isipokuwa kwa wenye jamaa wa karibu nchini humo na wengine wachache, ombi la ukazi huanzia nje ya Mexico. Mkenya, mathalan, huanzia katika ubalozi wa nchi hiyo jijini Nairobi. Asiye na mwajiri wala jamaa huko hutakiwa kuonyesha mapato ya kila mwezi au akiba ya kutosha. Kwa miaka mingi kiwango hicho kilifungamanishwa na mshahara wa chini kabisa wa Mexico. Serikali ilipoupandisha mshahara huo kutoka peso 88.36 kwa siku mwaka 2018 hadi peso 278.80 mwaka 2025, kizingiti cha mgeni nacho kilipanda. Hatua iliyokusudiwa kumnusuru mfanyakazi mnyonge ikawafungia mlango wastaafu wenye pensheni ya wastani, jambo ambalo huenda hakuna aliyelipanga.

Stika inayobandikwa kwenye pasipoti si kibali cha kuishi. Humruhusu mwenye nayo kuingia mara moja tu, na akishaingia ana siku 30 za kufika katika ofisi ya Idara ya Taifa ya Uhamiaji, INM, ili apewe kadi. Asipokuwa macho katika uwanja wa ndege, afisa huweza kumwandikia kwamba ni mtalii, na kulisahihisha kosa hilo kunachosha kuliko safari yenyewe.

Kadi ya kwanza ya mkazi wa muda hudumu mwaka mmoja. Ombi la kuifanya upya hupelekwa ndani ya siku 30 kabla ya muda wake kuisha. Akihama nyumba, akibadilisha kazi, akioa au kuolewa, ana siku 90 za kuiarifu idara, la sivyo atatozwa faini. Fauka ya hayo, akilazimika kusafiri ng'ambo wakati ombi lake lingali mezani, labda kwa mazishi, sharti kwanza aombe ruhusa ya kutoka na kurejea, ambayo humpa siku 60. Akiondoka bila ruhusa hiyo, ombi huanguka.

Si ajabu basi kwamba kando ya ofisi hizo hustawi biashara ya kutoa nakala na kupiga picha. Hustawi pia kazi ya mawakala wanaojaza fomu kwa niaba ya wageni. Wengi wao ni watu wa halali na wanayajua masharti kuliko makarani wenyewe. Wale wanaozengea langoni wakiahidi njia za mkato, ambao Wakenya wangewaita mabroka, wenyeji huwaita coyotes, jina lilelile wanalopewa wanaovusha watu mpakani kwa siri.

Pamoja na kadi, mgeni hupata nambari ya usajili iitwayo CURP, iliyoanzishwa mwaka 1996. Ina herufi na tarakimu 18, na bila hiyo hakuna matibabu ya umma, shule wala kazi rasmi. Herufi mbili za mwanzo ni herufi ya kwanza ya jina la ukoo la baba na irabu inayoifuata katika jina hilo. Ya tatu hutoka kwenye jina la ukoo la mama na ya nne kwenye jina la mtu mwenyewe. Hufuata tarehe ya kuzaliwa, herufi ya jinsia, herufi mbili za jimbo alikozaliwa, konsonanti tatu zilizochotwa ndani ya majina hayo matatu, na mwishowe alama mbili, moja ya kuzuia mgongano na nyingine ya kuhakiki nambari. Kwa wageni wote, mahali pa jimbo huandikwa NE, kifupisho cha maneno ya Kihispania yanayomaanisha aliyezaliwa ugenini.

Utaratibu huo humfaa Mmexico, ambaye tangu kuzaliwa ana majina mawili ya ukoo. Kwa majina ya Afrika Mashariki, mambo hugeuka. Tuchukue mfano wa mwanamume aitwaye Juma Ali Hamisi, aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1985. Karani akilichukua Hamisi kuwa jina la ukoo na kuona kwamba la mama halipo, ataweka X mahali pake, na nambari itaanza HAXJ850312HNEMXM. Karani mwingine akidhani kwamba Ali ni ukoo wa baba na Hamisi ni ukoo wa mama, itaanza AIHJ850312HNELMM. Huyo ni mtu mmoja, lakini mbele ya kompyuta ya serikali amekuwa wawili. Kadi ikisema hivi na pasipoti ikisema vile, benki hukataa, mwajiri husita, na cheti cha ndoa hukwama. Ndiyo maana wakazi wazoefu huwashauri wageni kuikagua kadi herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani.

Mfumo huo una haya zake pia. Herufi nne za mwanzo zikitokea kuunda neno la aibu kwa Kihispania, moja hubadilishwa kuwa X.

Anayefanya kazi au biashara huhitaji pia nambari ya kodi, RFC, ambayo kwa mtu binafsi ina herufi na tarakimu 13. Kazi yake hailingani kabisa na ya PIN ya ushuru nchini Kenya, kwani Mmexico huombwa RFC hata dukani akitaka ankara rasmi. Hutolewa na mamlaka ya kodi, SAT, ambayo sifa yake mbaya kwa wenyeji na wageni ni ugumu wa kupata miadi. Kuna foleni hata ya kungojea kupangiwa miadi, nayo hupigwa kwenye intaneti.

Nyumba ya kupanga ina kikwazo chake. Wenye nyumba wengi hudai mdhamini anayemiliki nyumba katika jiji hilohilo, ambayo huwa rehani endapo mpangaji atashindwa kulipa. Mgeni aliyewasili juzi atampata wapi mtu kama huyo? Wengine hulipa kodi ya miezi kadhaa mapema, wengine hununua dhamana kutoka kwa mawakili.

Kununua ni suala jingine. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 1917 kinawazuia wageni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 100 kutoka mpakani na kilomita 50 kutoka baharini. Anayetaka nyumba ya ufukweni huipata kupitia amana: benki ndiyo inayoshika hati, naye hunufaika kwa kipindi cha miaka 50 kinachoweza kuongezwa. Hata akinunua bara ambako hakuna kizuizi, sharti aahidi kwamba hataiomba serikali ya kwao imtetee katika mzozo wowote kuhusu mali hiyo. Sharti hilo lilizaliwa na kumbukumbu chungu ya mataifa makubwa kupeleka manowari kudai madeni ya raia wao.

Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 33, inawakataza wageni kujiingiza katika siasa za nchi. Wakazi wa kigeni hujadili sana iwapo kuhudhuria maandamano kunatosha kumfukuzisha mtu, na wengi huona ni heri kubaki nyumbani. Lakini siasa huwafuata. Oktoba 2022, Claudia Sheinbaum, wakati huo akiwa mkuu wa serikali ya Jiji la Mexico na sasa rais, alitia sahihi mkataba na kampuni ya Airbnb wa kuwavutia wageni wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa popote. Julai 2025, wakazi wa mitaa ya Roma na Condesa waliandamana wakilalamika kwamba wageni hao wamepandisha kodi za nyumba hadi wenyeji wanahama, na baadhi ya maduka yakavunjwa vioo.

Mbali na ofisi, mgeni hujifunza kuishi kwa masikio. Gesi ya kupikia huletwa na lori ambalo mchuuzi wake hupaza sauti, takataka huchukuliwa kengele inapolia, na maji ya kunywa huuzwa nyumba kwa nyumba katika madumu ya lita 20, kwani ni wachache wanaokunywa ya mfereji. Katika Jiji la Mexico kuna sauti nyingine isiyosahaulika, king'ora cha tetemeko la ardhi, ambacho kila Septemba 19 huwa na zoezi la kitaifa kuwakumbuka waliokufa mwaka 1985. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, sokoni ndiko atakakofarijika: mahindi meupe yako kila mahali, na chapati zake hutengenezwa kwa nafaka iliyochemshwa na chokaa. Mahindi yenyewe asili yake ni huko.

Upande wa kusini, katika mji wa Tapachula ulio karibu na mpaka wa Guatemala, idara ileile ya INM ina sura tofauti. Hadi katikati ya mwaka 2019, Waafrika wengi waliofika huko baada ya kupita misitu ya Panama, wakiwemo Wakongo, Wakameruni na Waangola, walipewa karatasi ya kuwataka waondoke nchini ndani ya siku 20, nao waliitumia kuelekea mpaka wa Marekani. Baada ya makubaliano ya Juni 2019 kati ya Mexico na Marekani, njia hiyo ilizibwa. Mamia walipiga hema nje ya kituo cha Siglo XXI kwa miezi kadhaa. Hawakutaka kukaa Mexico, wala hawakuruhusiwa kuondoka.

Njia iliyobaki ni kuomba ukimbizi kwa tume ya COMAR, iliyoundwa mwaka 1980. Kisheria, ombi hupelekwa ndani ya siku 30 za kazi tangu kuingia nchini na kuamuliwa kwa siku 45 za kazi, lakini tangu maombi yapite 100,000 kwa mwaka, kama ilivyokuwa mwaka 2021 na 2023, muda huo umekuwa ndoto kwa wengi. Anayengoja haruhusiwi kutoka katika jimbo alikoomba. Akiacha kwenda kutia sahihi kila wiki, faili lake hufungwa.

Gharama ya kukosa hati ilionekana Machi 27, 2023, moto ulipozuka katika kituo cha INM mjini Ciudad Juárez. Wahamiaji 40 waliokuwa wamefungiwa humo walikufa.

Hata Wamexico wenyewe hawajasalimika. Pwani ya Guerrero na Oaxaca wanaishi wazao wa Waafrika waliopelekwa huko kama watumwa, na sensa ya 2020 ilihesabu takriban watu milioni 2.5 wenye asili hiyo nchini kote. Katiba haikuwatambua hadi mwaka 2019. Baadhi yao wamesimulia jinsi walivyoteremshwa kwenye mabasi na kuamriwa waimbe wimbo wa taifa ili wathibitishe kuwa ni raia. Mei 2022, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ukaguzi huo wa barabarani unakiuka katiba.

Mgeni aliyevumilia miaka mitano anaweza kuomba uraia. Aliyeoa au kuolewa na Mmexico, na wenyeji wa Amerika ya Kilatini, huomba baada ya miwili. Mtihani huwa wa Kihispania na wa historia ya nchi, ila waliotimu zaidi ya miaka 60 husamehewa historia. Aliyezaliwa Mexico hawezi kunyang'anywa uraia wake. Raia wa kuandikishwa huweza kuupoteza akiishi nje ya nchi kwa miaka mitano mfululizo.