kufuli (katika kompyuta)

kufuli nm [li-/ya-], wingi *makufuli*. Pia [i-/zi-], wingi *kufuli*. Asili: Kiarabu.

1. Kifaa cha chuma kinachopitishwa kwenye pete za mlango, lango au sanduku, na kufungwa au kufunguliwa kwa ufunguo.

2. (kompyuta) Alama maalumu katika kumbukumbu ya kompyuta inayohakikisha kwamba data inayotumiwa na wengi inaguswa na mmoja tu kwa wakati mmoja: *Kufuli la orodha limeshikwa, nyuzi nyingine zinasubiri.*

Makala haya yanahusu maana ya pili, hasa katika kiini cha mfumo wa uendeshaji, yaani ile sehemu ya ndani inayogawa kumbukumbu, kuendesha vifaa na kuamua programu ipi ipewe zamu. Upatanisho wa [li-/ya-] ndio unaofuatwa hapa. Ule wa [i-/zi-] si kosa, ila mwandishi achague mmoja na kudumu nao katika matini nzima.

Kwa nini kufuli linahitajika

Kompyuta ya leo ina vichakataji kadhaa, na vyote husoma na kuandika katika kumbukumbu moja. Kila mfuatano wa maagizo unaotekelezwa huitwa *uzi* (wingi *nyuzi*). Nyuzi mbili zinapogusa mahali pamoja bila utaratibu, matokeo hutegemea ni ipi iliyotangulia. Hali hii huitwa *mashindano ya nyuzi*.

Chukua mfano wa hesabu ya watumiaji. Kiini huandika ni nyuzi ngapi zinazotumia kipande fulani cha kumbukumbu, ili kipande hicho kisirudishwe ghalani kabla wote hawajamaliza. Tuseme hesabu ni 5. Nyuzi mbili mpya zinaingia kwa pamoja. Ya kwanza inasoma 5. Kabla haijaandika, ya pili nayo inasoma 5. Kila moja inaongeza 1 na kuandika 6. Watumiaji ni 7, lakini hesabu inasema 6. Baadaye wanapoondoka mmoja mmoja, hesabu itafika 0 wakati mtumiaji wa saba bado yumo. Kiini kitakigawa kipande kile kwa mwingine, na mtumiaji wa saba ataendelea kuandika juu ya mali isiyo yake.

Programu ya kawaida ikikosea, kiini huizuia. Kiini kikikosea, hakuna aliye juu yake wa kukizuia: mashine nzima yaweza kusimama, data kuharibika, au mlango wa wavamizi kufunguka. Dosari iliyopewa jina la Dirty COW katika kiini cha Linux ilitokana na mashindano ya aina hii. Ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika katika mafaili aliyoruhusiwa kuyasoma tu. Iliingia mwaka 2007, ikarekebishwa Oktoba 2016.

Kufuli, komeo na kitasa

Aliyezoea maana ya kwanza huenda akapotoshwa na sitiari. Kufuli la chuma hutiwa kwa nje, mara nyingi nyumba ikiwa haina mtu. Kufuli la kompyuta hutumiwa na aliyemo ndani, ili wengine wangoje nje. Kwa maana hiyo linakaribiana zaidi na *komeo*, ambalo mtu hulitia kwa ndani akiwa bafuni. Hata hivyo, neno *kufuli* limekwisha kuenea na halina haja ya kubadilishwa. Mwalimu anayefundisha dhana hii kwa mara ya kwanza atafaidika akianza na mfano wa komeo. *Kitasa* hakitumiki kwa maana hii.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Kufuli la mlangoni humzuia hata asiyelitambua. Kufuli la kiini humzuia tu yule anayeliomba. Uzi unaogusa data bila kuomba kufuli hauzuiwi na chochote. Usalama wote umejengwa juu ya makubaliano kwamba kila mwandishi wa msimbo ataliomba. Kwa hiyo sentensi *Data imefungwa* humpa msomaji imani isiyo na msingi. Bora kuandika *Kufuli la data limeshikwa*. Vilevile, kufuli hutajwa kwa jina la data linayoilinda (*kufuli la orodha*, *kufuli la hesabu*), si kwa jina la kazi inayolitumia.

Vitenzi vinavyoambatana nalo

*Kuomba kufuli* ni kujaribu kulipata. *Kuchukua kufuli* ni kulipata. *Kushika kufuli* ni kuwa nalo. *Kuachia kufuli* ni kuliruhusu liende kwa mwingine. Usiandike *acha kufuli* mahali pa *achia kufuli*: *acha* yaweza kueleweka kuwa "usiliguse", na hiyo ni kinyume cha kinachotakiwa.

Kitenzi *shika* kinahitaji uangalifu wa njeo. Kama ilivyo kwa *lala*, hali inayoendelea huonyeshwa kwa -me-: *ameshika* maana yake analo mkononi sasa, kama vile *amelala* maana yake yumo usingizini. *Anashika* huelekea zaidi kwenye kitendo cha kutwaa. Linganisha:

(a) *Usilale unaposhika kufuli.*
(b) *Usilale ukiwa umeshika kufuli.*

Sentensi (a) inaweza kusomwa kuwa inahusu wakati wa kulitwaa kufuli peke yake. Sentensi (b) inahusu muda wote tangu kulitwaa hadi kuliachia. Kanuni ya kiini ni (b), na mwandishi wa msimbo aliyesoma (a) aweza kuivunja huku akiamini ameitii.

Kulala na kuzunguka

Kanuni hiyo inahusu aina moja ya kufuli, na mfasiri asizichanganye aina hizi mbili.

*Kufuli la kuzunguka*: uzi unaolisubiri haupumziki, bali huuliza tena na tena mpaka ulipate. Hufaa kwa kazi fupi mno. Aliyelishika haruhusiwi kulala, yaani kusimama na kungoja jambo lingine. Akilala, kichakataji chaweza kupewa uzi mwingine unaoomba kufuli lilelile. Uzi huo utazunguka bila kikomo, na mwenye kufuli asipate nafasi ya kuamka na kuliachia.

*Kufuli la usingizi*: uzi unaolisubiri hulazwa, na huamshwa kufuli linapopatikana. Hufaa kwa kazi ndefu. Halitumiki ndani ya msimbo unaoshughulikia *kikatizo*, yaani wito wa ghafla kutoka kwa kifaa kama kibodi au diski, kwa sababu msimbo huo hauruhusiwi kulala.

Iwapo kikatizo nacho hugusa data ileile, kufuli la kuzunguka peke yake halitoshi. Kikatizo chaweza kutokea katika kichakataji kilekile ambacho tayari kimeshika kufuli, kikaliomba tena, na wote wawili wakakwama. Dawa ni kuzima vikatizo katika kichakataji hicho kwa muda ambao kufuli limeshikwa.

Majina ya vitendaji katika msimbo, kama `spin_lock` na `mutex_lock`, hayatafsiriwi. Maelezo yake ndiyo yanayotafsiriwa.

Mkwamo

Uzi wa kwanza umeshika kufuli A unangoja B. Wa pili umeshika B unangoja A. Hakuna atakayeachia, na hali hii huitwa *mkwamo*. Huepukwa kwa kuchukua makufuli kwa mpangilio mmoja kila mahali. Hapa kiunganishi kina uzito: *Chukua A na B* haionyeshi mpangilio, *Chukua A, kisha B* inauonyesha.

Kufuli moja au mengi

Linux 2.0, iliyotolewa mwaka 1996, ilikuwa na *kufuli kuu la kiini*: kichakataji kimoja tu ndicho kilichoweza kutekeleza msimbo wa kiini kwa wakati mmoja. Ilikuwa njia salama, lakini vichakataji vingine vilikaa foleni. Kidogo kidogo kazi zake zilihamishiwa makufuli madogo madogo, na kufuli kuu likaondolewa kabisa mwaka 2011 katika toleo 2.6.39. Makufuli madogo huongeza kasi. Huongeza pia hatari ya mkwamo.

Maneno ya karibu

*Tendo lisilogawika*: kusoma, kubadili na kuandika kwa mkupuo mmoja usioweza kuingiliwa. Katika mfano wa hesabu hapo juu, lingetosha bila kufuli. Tafsiri ya *tendo la atomi* humpeleka msomaji kwenye fizikia, iepukwe.

*Kizuizi cha kumbukumbu*: agizo linalokataza usomaji na uandishi kupangwa upya na kikusanyaji au kichakataji. Hakimzuii mtu kuingia, hupanga utaratibu tu. Kwa hiyo si kisawe cha *kufuli*.

*Soma-nakili-sasisha*: mbinu iliyoingizwa katika Linux mwaka 2002. Wasomaji hawangojani na mwandishi. Mwandishi hutengeneza nakala, huibadili, huielekeza itumike mahali pa ile ya zamani, kisha husubiri wasomaji waliokuwa wakiitumia ya zamani wamalize ndipo aifute.

Makosa ya kuepuka

✗ *Funga kumbukumbu kabla ya kusoma.* ✓ *Chukua kufuli la data kabla ya kuisoma.*
✗ *Acha kufuli ukimaliza.* ✓ *Achia kufuli ukimaliza.*
✗ *Kufuli limelala.* ✓ *Uzi unaosubiri kufuli umelala.*

Tazama pia: kiini, kikatizo, kumbukumbu, mkwamo, uzi.