Muungwana Alipofika Ujiji

Neno muungwana washairi wetu hulitumia kwa wepesi mno. Kina cha -na kikipungua, huitwa likaja. Siku hizi humaanisha mtu mwenye adabu, mtimiza ahadi, mchunga ulimi; na msemaji akitaka kuutuliza mkutano husema "jamani waungwana" pasipo kuuliza nani kazaliwa na nani. Lakini neno hili lilikuwa na makali, na kwa maoni yangu hatuyaoni makali hayo tukilitazama pwani peke yake. Sharti tulifuate katika njia ya misafara hadi Ujiji.

Pwani ya karne ya 19, kinyume cha muungwana kilikuwa mtumwa. Muungwana alikuwa mtu huru wa kuzaliwa, mwenye ukoo na mji wake. Mzalia, yaani aliyezaliwa utumwani papo hapo pwani, hata akisema Kiswahili fasaha kumshinda bwana wake, hakuhesabiwa humo. Adabu ilitarajiwa kwa muungwana, ndiyo maana methali husema akivuliwa nguo huchutama. Ila adabu peke yake haikumfanya mtu kuwa muungwana. Nasaba ilitangulia.

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, mwendo wa miezi kwa mtu mwenye pembe ya ndovu begani. Burton na Speke walifika huko Februari 1858, na wafanyabiashara wa pwani walikwisha kuwatangulia. Stanley, aliyemkuta Livingstone mjini humo mwaka 1871, aliwaandika watu wake wa Unguja kwa jina la "Wangwana", akilifasiri kuwa ni watu huru. Kumbe katika misafara ya zama hizo, miongoni mwa waliojiita waungwana walikuwamo watumwa waliokodishwa, ambao sehemu ya ujira wao iliwaendea mabwana zao pwani. Mtumwa, tukumbuke, ni neno la kitenzi tuma: mtu aliyetumwa. Hawa walikuwa wametumwa kwa maana zote mbili, na bado walijiita waungwana. Njiani, nani angewakatalia?

Huko bara neno lilipata kinyume kipya: mshenzi. Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Ikiwa kinyume cha muungwana ni mshenzi wala si mtumwa, basi anayejua Kiswahili, anayevaa kanzu, anayesali na kushika bunduki ameingia, awe na bwana au asiwe naye. Watu wengi wa Manyema walivushwa ziwa kuletwa Ujiji, baadhi yao wakiwa mateka wa vita. Kisha wamo waliosilimu, wakashika lugha, wakaitwa waungwana na ilhali bado wana mabwana. Maneno mawili ambayo pwani hayakukaa nyumba moja, Ujiji yaliishi ndani ya mtu mmoja.

Sisemi hayo ili kulipamba neno. Bunduki ile ilikuwa na kazi yake. Katika vijiji vya Manyema, ng'ambo ya ziwa, waungwana ndio waliofika na misafara ya akina Tippu Tip, na kwa aliyeona nyumba yake ikiungua, jina hilo halikuwa na uhusiano wowote na upole. Mtu aliyetekwa jana angeweza kurudi akiwa mtekaji, akijiita muungwana. Atakayetunga shairi juu ya neno hili na kulificha jambo hilo atakuwa ametunga nusu.

Wapo wanaoona matumizi ya bara kuwa ni upotoshaji tu wa neno safi la pwani. Sikubaliani nao. Kilichotendeka Ujiji ni kwamba waliofungiwa nje ya neno walilivamia, na walipoingia, nasaba haikuweza tena kulinda mlango. Kisha, mwaka 1922, sheria ya Waingereza ilifuta hali ya utumwa Tanganyika, na ule ubishi wa pwani wa nani huru na nani si huru ukakosa msingi wa sheria. Kilichobaki kukipima ni mwenendo. Waingereza nao wana gentleman wao, aliyeanzia kwenye nasaba akaishia kwenye adabu, na leo jina lake limeandikwa hata kwenye milango ya vyoo. Lakini hilo halikuhitaji kubebwa begani kutoka baharini hadi ziwani.

Wala halikusimama ziwani. Lilivuka pamoja na lugha, na vitabu vya sarufi vya enzi ya Wabelgiji vikakiita Kiswahili cha mashariki ya Kongo kwa jina la Kingwana, lugha ya waungwana. Jina hilo la heshima lilitokana na watu ambao wengi wao, kwa hesabu ya Bagamoyo, hawakuwa waungwana hata siku moja.