Mawe Yaliyorudishwa Nyumbani



Leo tuutazame msikiti wa mbali: Ferhadija, katika mji wa Banja Luka, nchi ya Bosnia. Ulijengwa mwaka 1579, wakati wa utawala wa Waturuki wa Osmani. Mei 1993, katikati ya vita, ulilipuliwa usiku. Mawe yake yakatupwa jalalani. Waislamu wengi wa mji wakafukuzwa.

Mwaka 1995 Mkataba wa Dayton uliwapa waliofukuzwa haki ya kurudi na kurudishiwa mali yao. Lakini karatasi peke yake haijengi nyumba. Tarehe 7 Mei 2001, walipokuja kuweka jiwe la msingi, umati uliwashambulia. Mzee mmoja aliumizwa, baadaye akafa. Mwezi uliofuata walirudi wakaliweka, chini ya ulinzi wa polisi. Mafundi walitafuta mawe ya zamani, wakayarudishia ukutani. Tarehe 7 Mei 2016 msikiti ulifunguliwa.

Viongozi, haki ya kurudi inataka mlinzi. Anayerudi shambani kwake asikute yuko peke yake. Nanyi mliohama, msisahau mipaka ya mashamba yenu, wafundisheni watoto.