Kasuku wadogo wa kwetu: tuliuza ndege, wenzetu wakafuga rangi

Kila mtama na uwele unapokaribia kukomaa, napokea maswali ya aina mbili kuhusu wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa. Mkulima anauliza namna ya kuwafukuza shambani. Mchuuzi anauliza kama kuna soko, kwa sababu ameona kwenye simu picha za ndege wa aina hiyohiyo wakiwa wa bluu, wa manjano na hata weupe, wanauzwa kwa bei nzuri. Leo najibu kwa historia, kwa kuwa asiyeijua anaweza kupoteza fedha, au kuingia matatani na sheria.

Ndege wa kwetu

Kasuku hawa wengi huwaita ndege wa mapenzi, kwa sababu dume na jike hukaa wamegusana, wakichambuana manyoya. Duniani kuna spishi tisa, zote za Afrika na visiwa vyake. Mbili zina makao yake makuu ya asili Tanzania. Wa kwanza ni kasuku wa Fischer, anayepatikana kusini na kusini mashariki ya Ziwa Victoria, Serengeti hadi upande wa Nzega na Singida. Wa pili ana kichwa cheusi na ukosi wa manjano, naye hupatikana kuanzia Tarangire kushuka Dodoma hadi Iringa.

Wote wawili walielezwa kitaalamu mwaka 1887 na Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa Berlin. Jina Fischer ni la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyeishi Zanzibar kisha akasafiri bara akikusanya ndege. Alifariki mwaka 1886, kabla jina lake halijapewa ndege huyo.

Ndege mmoja wa bluu

Katika miaka ya 1920 kasuku hawa walianza kusafirishwa Ulaya na Marekani kama ndege wa kufugwa. Mwaka 1927, kati ya wale wenye kichwa cheusi waliokamatwa Tanganyika, alipatikana mmoja wa bluu, akapelekwa Uingereza. Kichwa chake kilikuwa cheusi kama cha wenzake, lakini palipopaswa kuwa manjano palikuwa peupe, na palipopaswa kuwa kijani palikuwa bluu.

Sababu ni hii. Kijani cha kasuku hutokana na vitu viwili: umbo la unyoya linaloonyesha bluu, na rangi ya manjano iliyo juu yake. Ndege asiyeweza kutengeneza manjano hubaki bluu. Asiyeweza kutengeneza rangi nyeusi hubaki wa manjano.

Bluu hurithiwa kwa kujificha. Ukimpandisha ndege wa bluu na wa kijani asiye na mbegu ya bluu, watoto wote watatoka kijani. Mfugaji mwenye haraka angesema amepata hasara, akawauza wote. Lakini kila mtoto amebeba mbegu ya bluu. Ukimrudisha mmoja wao kwa ndege wa bluu, kwa wastani nusu ya watoto watakuwa bluu. Ukiwapandisha wawili wa kijani waliobeba mbegu hiyo, kwa wastani mmoja kati ya wanne atakuwa bluu. Kwa macho huwezi kujua kijani yupi amebeba mbegu na yupi hana. Unajua kwa pete ya mguuni na daftari la nani ni mtoto wa nani.

Hivyo ndivyo rangi zilivyoongezeka ng'ambo. Porini ndege wa rangi ngeni hutokea mara chache sana, na hutoweka bila kuacha ukoo unaoonekana. Kizimbani alitunzwa na kuandikwa.

Mwaka 1987

Sisi tuliendelea kuuza ndege wa kijani waliokamatwa porini. Mwaka 1987 kasuku wa Fischer ndiye aliyeongoza kwa wingi kati ya kasuku wa porini waliouzwa duniani. Idadi yake porini ilipungua, na hadi leo amewekwa katika kundi la ndege walio karibu na hatari ya kutoweka.

Kisha milango ikafungwa. Marekani ilitunga sheria ya kuzuia ndege wa porini mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulizuia kwa muda mwaka 2005, na moja kwa moja mwaka 2007. Tanzania nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Wanunuzi wa ng'ambo hawakukosa ndege: walikwishajifunza kuwazalisha wenyewe.

Tazama spishi ya tatu, kasuku wa uso wa waridi wa Namibia na jirani zake. Amezalishwa kizimbani kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2005 aliondolewa katika orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe pori. Nane waliobaki bado wamo.

Hatari ya kuchanganya

Ndege wa Fischer na wa kichwa cheusi wakifugwa pamoja huzaana, na watoto wao nao huzaa. Pale Naivasha, Kenya, ambako si kwao wote wawili, ndege waliotoroka vizimbani wameacha kizazi kilichochanganyika kinachoruka hadi leo.

Ukimchanganya wa Fischer na yule wa uso wa waridi, hali ni mbaya zaidi. Wa Fischer hubeba vipande vya kujengea kiota kwa mdomo; mwenzake huvichomeka katikati ya manyoya ya kiunoni. Mtafiti William Dilger wa Marekani alieleza mwaka 1962 kwamba machotara wao walijaribu kuchomeka, vikadondoka, wakajaribu tena. Iliwachukua miaka kujifunza kutumia mdomo, na hawakuzaa.

Basi tufanyeje?

Mkulima, linda shamba kwa kuamia na kuvuna mapema, bila sumu wala mtego. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata bila kibali. Mchuuzi akikuambia umkamatie "wachache tu", atakayeshikwa na ndege mkononi ni wewe.

Unayetaka kufuga, anza ofisi ya wanyamapori ya wilaya, uulize vibali kabla hujatoa fedha. Nunua ndege waliozaliwa kizimbani, wenye karatasi. Usichanganye spishi. Fungua daftari siku ya kwanza: baba, mama, tarehe, idadi ya mayai, rangi ya kila mtoto.

Na usiyetaka kasuku kabisa, daftari hilohilo lipeleke kwenye banda la kuku. Jogoo unayemuuza leo kwa sababu hana sura, huenda ndiye baba wa matetea wako watakaotaga vizuri kuliko wote. Bila kuandika, utamjuaje?