Muziki wa majaribio tunao, uko uswahilini

Juzi hosteli tumebishana mpaka usiku wa manane. Jamaa mmoja anayesoma sanaa alituonyesha kwenye simu kundi la Marekani, Roomful of Teeth. Waimbaji wanane, ala hakuna. Wanaongea, wanaguna, wanahema, wanaimba kwa koo. Kazi yao moja, Partita ya Caroline Shaw, ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013. Ni nzuri, sibishi. Ila jamaa akamalizia: "Huu ndio muziki wa majaribio, Bongo hatuna." Hapo nikakataa.

Mie nasomea ualimu wa historia, kwa hiyo nitarudi nyuma kidogo, mnivumilie.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa uswahilini hapa Dar walichukua ngoma za sherehe za Kizaramo wakazichanganya na kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho kwa watu wengine ni mdoli wa mtoto. Wakakiunganisha na amplifaya chakavu na spika za honi kama zile za msikitini. Sauti ikatoka imepasuka, inakwaruza, na wao wakaipenda hivyo hivyo. Huo ndio mchiriku. Kundi la Jagwa Music la Mwananyamala lilianza mwaka 1992, na mpaka kigoda cha kukalia kwao ni ala, kinapigwa kwa fimbo. Juu ya kelele yote hiyo mwimbaji anasimulia shida za mtaa, mapenzi, unga, ukimwi, na wenzake wanaitikia. Hebu niambieni, hayo si majaribio ni nini?

Redio nyingi ziliupa mgongo. Ukaitwa muziki wa wahuni, ukabaki kwenye mikesha ya harusi na kanda za kuuziana mkononi. Halafu mwaka 2012 lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu ya Jagwa, Bongo Hotheads. Wazungu wakashangilia kitu ambacho sisi tulikuwa tunakifungia dirisha.

Mtoto wake ni singeli, iliyokulia Tandale na Manzese (Manzese siku hizi ni Ubungo, zamani ilikuwa Kinondoni). Vipande vya mchiriku na taarabu vinakimbizwa kwenye kompyuta, mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na mtu anaghani juu yake, huoni anapumua saa ngapi. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Mburahati, na singeli ikafika kwenye matamasha ya muziki wa majaribio Ulaya. Yaani yale yale anayoyasifia jamaa yetu!

Kinachoniuma ni kanda. Singeli iko kwenye intaneti, haipotei leo wala kesho. Mchiriku wa miaka ya 1990 uko kwenye kaseti zilizolala uvunguni, zinashika ukungu, nyingine watoto walishazivuta utepe wakachezea. Nataka kuandikia utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Kwa hiyo wewe wa Temeke, Mbagala, Mwananyamala, ukienda nyumbani wikiendi muulize mjomba. Redio kaseti ninayo, inafanya kazi, ila mlango wake naushikilia kwa raba bendi.