Pishi Moja: Wanawake katika Shule ya Ranger

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: kipimo, kuhitimu, upendeleo. Maneno hayo tutayatumia sana leo.

Kila mmoja wetu amekwenda sokoni. Mwenye duka akiwa na pishi mbili, moja ya rafiki zake na moja ya wageni, watu hawatamwamini. Hata siku anayopima kwa haki watanong'onezana: "Leo ametumia pishi ipi?" Habari ya leo ni habari ya pishi. Lakini kinachopimwa si mchele. Ni askari.

Tuanze nyuma kidogo. Katika Marekani kuna chuo cha maofisa wa jeshi kiitwacho West Point. Kilianzishwa mwaka 1802, na kwa muda mrefu kiliwapokea wanaume tu. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kuwaruhusu wanawake. Mwaka 1976 wakaingia wanawake 119, na mwaka 1980 wakahitimu 62. Sheria ile ilisema masharti yawe sawa kwa wote, ila yale machache ambayo ni lazima yabadilishwe kwa sababu ya tofauti za mwili. Basi katika baadhi ya mazoezi wanawake wakawa na kipimo chao. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema ni haki, kwa kuwa maumbile si sawa. Wengine wakajibu kuwa adui vitani hana vipimo viwili.

Sasa twende kwenye shule yenyewe. Shule ya Ranger ilianzishwa mwaka 1950, wakati wa vita vya Korea. Makao yake ni Fort Benning, katika jimbo la Georgia. Kazi yake ni kumfundisha askari kuongoza wenzake hali ana njaa, usingizi na uchovu. Mafunzo huchukua miezi miwili hivi kwa asiyerudia. Yana sehemu tatu: ya kwanza Fort Benning, ya pili katika milima ya Georgia, na ya tatu katika vinamasi vya Florida.

Siku za kwanza ni za kuchuja watu. Mwaka ule tunaouzungumzia, 2015, mwanafunzi alitakiwa kukimbia maili 5 kwa dakika 40. Tena alitakiwa kwenda maili 12 kwa miguu, mzigo mgongoni, katika saa 3. Baada ya hayo kila mmoja hupewa zamu ya kuongoza doria. Walimu humpima. Wenzake nao hutoa maoni juu yake, kama ni mtu wa kutegemewa au sivyo. Aghalabu zaidi ya nusu ya wanaoanza hawahitimu. Anayehitimu hupewa kitambaa kidogo cha kushona begani. Ni kidogo, lakini kila askari akikiona hujua maana yake.

Mwezi Januari 2013 Waziri wa Ulinzi, Leon Panetta, aliondoa katazo la wanawake kuwekwa katika kazi za kupigana vitani. Majeshi yakapewa muda wa kujitayarisha. Katika muda huo jeshi la nchi kavu likaamua kuifungua Shule ya Ranger kwa wanawake, kwa majaribio. Wanawake zaidi ya 100 walijaribu mafunzo ya matayarisho. Wachache tu walifaulu. Mwezi Aprili 2015 wanawake 19 wakaanza shule pamoja na wanaume 381.

Baada ya siku za kuchujwa walibaki wanawake 8. Hao wote walishindwa sehemu ya kwanza. Wakapewa nafasi ya kuirudia, wakashindwa tena. Watano wakarudi makwao. Watatu wakaambiwa: "Mnaweza kuanza upya, tangu siku ya kwanza." Fikirini, ndugu zangu. Mtu amekwisha teseka wiki nyingi, halafu anaambiwa arudi mwanzo kabisa. Wote watatu walikubali.

Tarehe 21 Agosti 2015 wawili kati yao walihitimu pamoja na wanaume 94. Walikuwa Kapteni Kristen Griest, ofisa wa polisi wa jeshi, na Luteni Shaye Haver, rubani wa helikopta. Wa tatu, Meja Lisa Jaster, alihitimu mwezi Oktoba mwaka huo huo. Alikuwa na umri wa miaka 37, mhandisi, na mama wa watoto wawili. Wote watatu walikuwa wamepita West Point.

Je, maneno yaliisha? Hayakuisha. Mwamba ngoma huvutia kwake. Walikuwapo waliosema kuwa wakubwa walitaka mwanamke ahitimu kwa vyovyote, na kwamba wanawake wale walipewa matayarisho zaidi na nafasi zaidi ya wanaume. Mwezi Septemba 2015 mbunge mmoja, Steve Russell wa Oklahoma, ambaye mwenyewe alihitimu shule hiyo, alidai aonyeshwe karatasi za mitihani yao. Jeshi likakanusha kuwapo kwa upendeleo. Meja Jenerali Scott Miller, mkuu wa kambi ile, alikuwa amekwisha sema siku ya kuhitimu kuwa masharti hayakubadilika: maili 5 ni maili 5, na saa haikupunguzwa kwa mtu ye yote.

Tupime wenyewe. Ni kweli walirudia. Lakini kurudia kulikuwapo kabla yao, na wanaume wengi waliohitimu walirudia sehemu moja au zaidi. Ni kweli pia walipewa matayarisho. Lakini matayarisho si mtihani. Anayefundishwa kuogelea kabla ya kuingia mtoni hajapunguziwa maji.

Tena kuna ushahidi wa wenzao. Askari mmoja mwanamume alieleza kuwa safarini alilemewa na mzigo, akaomba wenzake wampunguzie. Wengi walimtazama tu. Aliyejitokeza kuuchukua ni Haver peke yake. Mtu kama huyo, usiku na katika tope, hakuuliza habari za sheria wala za mabunge. Aliuliza nani atanisaidia.

Mwezi Desemba 2015 Waziri Ashton Carter alitangaza kuwa kazi zote za jeshi zitakuwa wazi kwa wanawake watakaofikia kipimo. Mwaka 2016 Griest akawa mwanamke wa kwanza kuwa ofisa wa askari wa miguu katika jeshi la Marekani. Tangu hapo wanawake zaidi ya 100 wamehitimu Shule ya Ranger.

Sasa sikilizeni jambo ambalo huenda hamkulitazamia. Baadaye jeshi lilibishana juu ya jaribio jipya la nguvu za mwili: je, wanawake wapewe alama zao? Mwaka 2021 Griest mwenyewe aliandika makala kupinga jambo hilo kwa kazi za kupigana. Hoja yake ilikuwa hivi: mwanamke akiingia kikosini kwa kipimo cha chini, wenzake watamtilia shaka, na shaka hiyo itamwangukia hata yule aliyefaulu kwa kipimo kamili. Mwaka 2022 jeshi lilitumia alama tofauti. Mwaka 2025 likageuza tena, likaweka kipimo kimoja kwa wanaume na wanawake katika kazi za kupigana.

Mabishano bado yapo. Maana hata pishi ikiwa moja, swali hubaki: je, ni pishi ya kupimia kitu hicho? Kipimo cha haki kina mambo mawili. Kwanza, kiwe kile kile kwa wote wafanyao kazi ile. Pili, kilingane na kazi yenyewe, wala kisiwekwe ili kumfungia mtu mlango. La kwanza likikosekana, aliyefaulu huibiwa heshima yake. La pili likikosekana, anayeweza kazi hufukuzwa mlangoni.

Na sasa maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini wanawake watatu walikubali kuanza upya?
2. Kurudia na kupendelewa, ni kitu kimoja au vitu viwili?
3. Kwa nini Griest alipinga alama za wanawake?
4. Katika kazi yako, shambani au kiwandani, kipimo gani ni cha haki? Nani amekiweka?

Atakayejibu swali la nne aandike majibu yake katika daftari, mistari mitano. Kwa herini mpaka kipindi kijacho.